Kaburi la Tanuri

Boni alinipigia simu juzi kuniuliza kama lile daftari bado ninalo. Tulikuwa tumeachana siku tatu tu kabla, kule Pande, kila mmoja akashika njia yake, mimi kurudi Lindi ninakofundisha, yeye kurudi kwao milimani, na siku zote za msiba hakulitaja hata mara moja. Nikamwambia ninalo, limo kwenye sanduku la vyeti. "Kwa nini hukulichoma?" akaniuliza. Nilimwambia tu kwamba mwandiko wa Sefu umo humo, na Sefu mwenyewe ndiyo hivyo tena hatunaye. Boni akakohoa kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi nguruwe walivyoingia kwenye mihogo yake. Ndivyo alivyo tangu ujana. Ukimgusa penye kidonda atakuhadithia habari za shamba, nawe ukiwa na akili utamsikiliza mpaka amalize.

Ninachotaka kukiandika ni mwaka mmoja tu, ule ambao mimi, Sefu na Boni tulimaliza kidato cha sita tukakaa kusubiri dunia ituambie sisi ni nani. Nilikuwa napiga chapa kwenye duka la steshenari Kilwa Masoko. Chumba kilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa kuliko Boni, feni ya ukutani, na pazia la kanga lililotutenga na ua ambako mama wa jirani alikuwa akikaanga samaki tangu asubuhi. Barua zote za maombi ya kazi zilizotoka wilayani mwaka ule zilinuka samaki, nina hakika. Mwenye duka alikuwa akiondoka alasiri kwenda kuswali na hakuwa mtu wa kurudi haraka, maana barazani alikuwa na bao lake. Hapo ndipo Sefu na Boni walipoingia, wakavuta vile vigoda viwili vya wateja, tukafungua intaneti iliyokuwa ikienda kwa hiari yake, tukaanza kujenga mchezo wetu.

Wanafunzi wangu wa leo nikiwaeleza mchezo huo wanacheka, wanasema, "Sasa mwalimu, picha ziko wapi?" Hazikuwepo. Ulikuwa mchezo wa kuandikiana. Kila mchezaji anabuni shujaa wake mwenye nguvu zisizo za kawaida, anaandika aya moja kusema shujaa huyo anafanya nini, mwingine anajibu kwa aya yake, hadithi inakwenda bila mtu yeyote kujua itaishia wapi. Sefu alikuwa ameuona kwenye majukwaa ya Wazungu, mashujaa wao wakiruka juu ya maghorofa, akaja na kasirani kabisa. "Sisi hatuna ghorofa, lakini hatukosi mtu wa kuruka," alisema. Basi tukafungua jukwaa letu la bure, tukaliita Ngome Saba, na kabla ya kumwalika mtu tukanunua daftari kubwa la kuandikia kanuni. Miezi mitano tulipanga. Nikikumbuka sasa naona kupanga ndiko kulikokuwa mchezo wenyewe, na kwamba sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tena, hata siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe na mume wangu anisamehe.

Kanuni ya kwanza ilisema kila nguvu iwe na adhabu yake. Shujaa wa Boni aliitwa Nondo, mwili wake ulikuwa ukigeuka chuma, lakini kwa kuwa aliishi pwani alishika kutu, na kila jioni dada zake walilazimika kumpaka mafuta ya nazi mwili mzima huku wakimsimanga. Wangu aliitwa Sauti. Alikuwa na uwezo wa kuazima sauti ya mtu yeyote, akazungumza kwayo hata mama mzazi asitambue, na adhabu yake ni kwamba ya kwake mwenyewe ilikuwa ikipungua. Wa Sefu ndiye Tanuri. Kutwa nzima alikuwa akilikusanya jua mwilini, na akitaka aliliachia likayeyusha hata mlango wa benki. Adhabu yake ni kwamba hakuna aliyeweza kumgusa. Sefu aliandika ukurasa mzima jinsi mama yake Tanuri anavyomwekea sahani ya ugali kizingitini, anarudi nyuma hatua tano, anasimama kumwangalia anavyokula. Niliposoma ukurasa ule niliinuka nikajifanya natengeneza karatasi iliyokwama kwenye fotokopi.

Kanuni nyingine ilisema shujaa awe na jina la kwao, lile la mchana, asipokuwa kazini. Mimi na Boni tulibuni majina. Sefu akaandika jina lake lenyewe, Sefu Bakari, na kwao akaandika Pande, na mama yake akamwita Bi Asha, kama alivyo. Nikamwambia, wewe mvivu. Akanijibu, "Nisibuni mama wakati ninaye mzuri?" Kisha akaongeza kanuni ya tano kwa mwandiko wake uliolala upande: shujaa wa mtu hauawi mpaka mwenyewe aridhie. Boni alibisha, akasema vita bila vifo ni harusi. Sefu hakutetereka. Akasema mtu ametoa mtoto wake kukukabidhi, huwezi ukamrudishia sanda.

Mwezi wa sita tulikwenda Pande, mimi na Sefu, kumsalimia mama yake. Lazima nieleze hapa kwamba ukoo wetu na ukoo wake ni watani, na utani wetu si wa mzaha mdogo. Mtani anakuchukulia kofia kichwani na huna pa kushtaki. Mtani anakuja msibani kwako akiwa amevaa nguo ya marehemu, anaiga alivyokuwa akitembea, na waliofiwa wanacheka na machozi yao. Kwa hiyo nilipofika mlangoni kwa Bi Asha nilijitwisha mikono kichwani nikaangua kilio, "Jamani Sefu! Jamani mtani wangu! Nimekuja kuzika!" huku Sefu amesimama pembeni na begi langu. Bi Asha alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniangalia tangu juu mpaka chini. "Mtani umechelewa," akasema. "Jembe lile pale, chimba mwenyewe." Tukacheka mpaka jirani akachungulia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maji, na mchana tukala ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na pilipili, kisha ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Nikiwa uani naosha mikono nilimsikia ndani akimwambia yule jirani, "Nimezika watatu mimi. Huyu ndiye niliyebakishiwa." Aliisema kama mtu anayesema mvua imechelewa, na mimi nikaendelea kunawa.

Matokeo yalitoka. Mimi nilifaulu, nikapata nafasi ya chuo Dar, ya kuanza mwishoni mwa mwezi wa kumi. Boni alifaulu kiasi. Sefu alisema ameyaona yake na yako sawa, na wiki iliyofuata hakuja dukani. Simu yake haikupatikana. Mtu mmoja akasema yuko Mitwero, karibu na Lindi, kwa mjomba wake, basi. Wakati huo jukwaa lilikuwa limejaa. Tulikuwa na wachezaji kutoka Tanga, Mwanza, hata kijana mmoja anayesoma India, wote wamebuni mashujaa, wote wanangoja. Tulikuwa tumekubaliana Sefu ndiye atakayefungua hadithi, kwa kuwa Tanuri ndiye aliyekuwa mlinzi wa ngome ya kwanza. Bila aya yake hakuna aliyeweza kwenda mbele. Wiki ya kwanza wachezaji walisalimia. Ya pili wakauliza. Ya tatu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kila alasiri nilifungua jukwaa, na kila alasiri nafasi ya Sefu ilikuwa tupu.

Niseme wazi jambo nililolificha miaka yote hii. Nilimpenda. Hakuwahi kunigusa hata mkono na sikuwahi kumwambia, lakini nilikuwa nimejipangia kwamba mchezo ukianza tutakuwa tunaandikiana kila siku hata nikiwa Dar, na katika kuandikiana siku moja Sauti atamwambia Tanuri kwa sauti yake mwenyewe. Kumbe mwenzangu kaondoka bila hata neno. Nikadhani anatudharau, au anasikia wivu kwa kuwa naenda chuo. Kwamba alikuwa amefeli, kwamba alikuwa ghalani Mitwero anabeba magunia ya korosho na simu yake ilizama maji, na kwamba aliona haya kuniangalia usoni, hayo niliyajua baadaye. Hasira ya mtu anayependa bila kusema ni mbaya sana, kwa sababu haina pa kwenda.

"Muue Tanuri tuendelee," alisema Boni siku moja, akila muhogo wa kukaanga wenye chachandu. "Wewe unaondoka wiki ijayo. Hadithi ianze na kifo, watu watasisimka." Nikamkumbusha kanuni ya tano. "Kanuni za aliyetukimbia?" akasema. Nami nikajibu maneno ninayoyasikia mpaka leo: "Mimi ni mtani wake. Nina haki ya kumzika."

Nikaketi kuandika. Nilikuwa nimekua nasikiliza matangazo ya vifo redioni kila mchana, kwetu hayo ndiyo yalikuwa yakisikilizwa kuliko taarifa ya habari, na nilijua mapigo yake yote. Niliandika: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Familia ya marehemu Mzee Bakari wa Pande, Kilwa, inasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao Sefu Bakari, kilichotokea leo alfajiri huko Mitwero, Lindi. Maziko yatakuwa kesho Pande baada ya sala ya adhuhuri. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Juu yake niliandika "Sura ya Kwanza", na chini nikaanza kueleza jinsi ngome ya kwanza ilivyobaki bila mlinzi. Boni alisoma akapiga makofi. Mimi pia niliona nimeandika vizuri, tena nikajisifu kwamba Sefu akiiona atatoka mafichoni mbio.

Wiki ile alikuwa amejiunga dada mmoja wa Mitwero, mgeni kabisa kwenye mambo haya, ambaye shemeji zake walikuwa watu wa Pande. Alifungua jukwaa kwa simu, akakuta tanzia. Simlaumu hata kidogo. Kwetu nani anathubutu kusoma tanzia akauliza kama ni ya kweli? Unamshuku nani, wafiwa? Unasema inna lillahi, unaituma mbele, ndiyo heshima. Alinakili maneno ya tangazo peke yake, akaacha sura na ngome, akawatumia shemeji zake kwa ujumbe wa simu. Nao wakatuma. Kesho yake saa tatu asubuhi Boni aliingia dukani mbio, uso umempauka, akanionyesha simu. Baba yake mdogo, kule milimani, alikuwa amemtumia rambirambi pamoja na tangazo lenyewe. Nikasoma maneno yangu mwenyewe, yote, hata nukta zangu.

Tulipiga simu Pande, haikupita. Kule ujumbe uliweza kuingia mtu akipita karibu na shule, lakini kuzungumza ilikuwa bahati. Tukakodi pikipiki, sote wawili nyuma ya dereva mmoja. Tulifika adhuhuri. Mikeka ilikuwa imetandikwa hadi barabarani, watu wakingoja maiti iletwe kutoka Mitwero. Kulikuwa na masufuria matatu motoni, na wanawake ndani wanalia kilio ambacho mimi nilikuwa nimekiigiza mlangoni pale pale miezi minne kabla. Mjomba wa Sefu wa Pande, mdogo wake Bi Asha, alikuwa anatoka makaburini na jembe, udongo mwekundu mpaka kwenye magoti. Nikampigia magoti njiani. Nikamwambia Sefu hajafa.

"Umemwona?"

"Hapana, mjomba. Ila mimi ndiye niliyeandika. Ni mchezo. Tuna mchezo wa kuandika kwenye kompyuta, na Sefu ana mtu wake, na yule mtu wake ndiye..."

"Mchezo gani wa kuandika watu wamekufa?"

Nilichokuwa nacho ni neno moja tu, nikalitoa kama mtoto. "Mimi ni mtani wake, mjomba."

Alilitua jembe taratibu. "Mtani anamzika mtu mbele ya macho yake, wakicheka wote wawili," akasema. "Wewe umemzika mbele ya mama yake."

Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Aliingia ndani kwenda kwa dada yake, na kilio kikakatika, kikaanza tena kwa namna nyingine, ya watu wasioamini. Maana sasa kulikuwa na habari mbili, moja imeandikwa vizuri kwa taratibu zote, na nyingine imeletwa na msichana anayetetemeka. Waliiamini ile iliyoandikwa vizuri. Bi Asha alitolewa akakalishwa mlangoni, kanga kichwani, akaniangalia bila kunitambua.

Alasiri Sefu akafika. Mtu alikuwa amekwenda kutoa pole kwa mjomba wake wa Mitwero, akabisha hodi, na aliyefungua mlango ni marehemu. Alikuwa ameomba pikipiki akaja hivyo hivyo na shati la ghalani, vumbi limempaka nywele zikawa nyeupe, macho mekundu kwa upepo. Watu waliinuka mikekani wakapisha njia, wengine wakikimbia kabisa. Akatembea kati yao moja kwa moja mpaka mlangoni. "Mama," akasema, "ni mimi." Akanyoosha mikono.

Bi Asha alirudi nyuma. Alirudi hatua moja, mbili, mpaka mgongo ukagonga ukuta, mkono ameuweka mbele kujikinga na mtoto wake. Ilichukua muda mfupi sana, labda kama mtu anavyosoma sura fupi ya Kulhuwallahu mara moja, kisha akapiga kelele akamrukia, akamshika kichwa, akamnusa. Lakini Sefu alikuwa ameshaona. Nilimwona akiona. Akiwa amekumbatiwa aliniangalia juu ya bega la mama yake, na katika macho yale nilijua kwamba anaukumbuka ule ukurasa aliouandika, na anajua kwamba ninaukumbuka.

Wazee walisema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wakakata mgomba, wakauvika kipande cha sanda iliyokwisha kununuliwa, wakauteremsha. Sefu alikataa kukaa ndani. Alisimama kwenye ukingo mpaka tonge la mwisho la udongo. Nilisogea nikamwambia, "Nisamehe." Akajibu, "Wakati wa kwenda umefika, Somoe, pikipiki inawasubiri." Hakuna ugomvi tuliowahi kuwa nao zaidi ya hapo. Boni alilifunga jukwaa wiki ile ile. Mimi nikaenda Dar kusoma.

Watani hawakumwacha Sefu. Wakamwita Marehemu. "Marehemu shikamoo," "Marehemu unakula?" na kwa sheria ya utani hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Alipochumbia binti hukohuko Pande alirudishiwa barua, wazazi wakasema hawatoi mtoto kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Ndipo akahama, akaishia Mtwara, akafungua karakana ya kuchomelea vyuma. Nilikutana naye mara moja tu, stendi ya Lindi, miaka mingi baadaye. Tulisalimiana vizuri sana. Aliniuliza habari za watoto, habari za kazi, mvua za huku. Alinisemesha kwa adabu anayosemeshwa nayo karani wa ofisi. Kwa Bi Asha nilikuwa nimekwenda Idd ya mwaka uliofuata maziko yale kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusamehe, lakini nilikasirika, mwanangu, nilikasirika mpaka nikaogopa," akanipakulia chakula. Kwa Sefu sikuwahi kurudia kuomba. Kila mwaka nilijiambia mwakani. Hata nilipoambiwa figo zinamsumbua nilijiambia akipata nafuu.

Siku ya habari nilikuwa kwenye chumba cha walimu, madaftari ya kidato cha pili mbele yangu, chai imepoa. Tangazo liliingia kwenye simu kwa kundi la watu wa Kilwa. Mtindo ni ule ule, haujabadilika. Nilikuwa sijafika kwenye saa ya maziko simu ikaita, na jina lilikuwa la Bi Asha, ambaye hakuwa amenipigia tangu siku nilipompa namba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniuliza hali. Nyuma yake nilisikia wanaume wanazungumza, na kuku. "Nimesomewa ujumbe hapa. Wanasema Sefu, huko Mtwara. Wanataka kwenda kuchimba. Nimewaambia wakae, nimuulize Somoe kwanza."

Nikaisukuma pembeni ile chai.

"Somoe. Ni wewe uliyeandika?"

"Hapana, mama," nikasema. "Safari hii si mimi."

Mmoja wa wale wanaume alisema kitu, Bi Asha akamnyamazisha. Kisha sauti yake ilirudi ikiwa chini kabisa, karibu na simu, kama anayenibembeleza nile.

"Sema ni wewe, mwanangu," akasema. "Sema tu. Sitakasirika."